Maabara iliyompima binti yetu njiti homoni za thairoidi: damu walichukua vizuri, umri hawakuuona

Karatasi ya kwanza ya majibu tuliyopewa ilikuwa na jina la mama yake, jinsia ya mtoto, namba ya risiti, na chini yake mstari uliosomeka "Umri: miaka 0". Mimi ni wakala wa forodha, na katika kazi yangu hati isiyoonyesha uzito wa mzigo wala siku uliposhushwa haipiti getini hata kama mihuri yake yote imekamilika, kwa sababu bila mambo hayo mawili hakuna anayeweza kukokotoa ushuru. Binti yetu alikuwa na siku 5. Alizaliwa katika wiki ya 29 ya ujauzito, akiwa na gramu 1,180. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kilichoandikwa kwenye karatasi ile, nami ilinichukua zaidi ya mwezi mzima kuelewa kwamba kwa mtoto njiti, namba ya homoni ya thairoidi isiyoambatana na siku alizoishi na wiki alizokaa tumboni haimwambii mtu jambo lolote.

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya maabara moja ya binafsi katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambayo tumeitumia mara nane katika muda wa miezi saba na zaidi, mara tatu za mwanzo kwa kupeleka damu iliyochukuliwa wodini na mara zilizobaki kwa kumpeleka mtoto mwenyewe. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro yake kubwa nimeikuta pia kwenye karatasi za maabara nyingine mbili nilizoonyeshwa na wazazi wenzangu, na si haki lawama hiyo aibebe mmoja.

Tulifika huko kwa sababu ambayo wakazi wengi wa jiji hili wanaijua: katika hospitali aliyozaliwa, vitendanishi vya kupimia homoni vilikuwa vimeisha. Daktari bingwa wa watoto alikuja kwenye kitanda cha mke wangu, ambaye alikuwa amemfunga mtoto kifuani kwa khanga kwa njia ya kangaruu, akaandika vipimo viwili kwenye kikaratasi, kisha akanigeukia. "Baba Shani, damu tutaichukua sisi, wewe utaipeleka. Usikubali kuuziwa kingine chochote zaidi ya hivi viwili." Vipimo hivyo vilikuwa TSH, yaani homoni ya ubongoni inayoichochea tezi ya thairoidi kufanya kazi, na T4 huru, ambayo ni homoni ya tezi yenyewe iliyo tayari kutumiwa na mwili. Tezi hiyo ndiyo ile iliyo mbele ya koo ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ya goita tu, na ambayo mimi, nakiri, sikuwahi kufikiri kwamba mtoto wa siku tano anayo.

Onyo lile la daktari lilikuwa la maana. Mapokezi walinipokea kwa adabu, wakaangalia kikaratasi changu, kisha wakanishauri nichukue kifurushi kamili cha thairoidi kwa shilingi 110,000, chenye T3 (homoni nyingine ya tezi hiyo), T4 ya jumla na mengine, badala ya vipimo viwili vilivyogharimu shilingi 65,000 kwa pamoja. Nilikataa kwa kuwa nilikuwa nimeagizwa nikatae, lakini baadaye nilielezwa sababu yake, nayo inafaa kujulikana na kila mzazi wa njiti mwenye fedha za kuhesabu: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hasa akiwa mgonjwa au akisaidiwa kupumua, huwa na T3 ya chini kwa vyovyote vile, kwa hiyo kuipima mapema huleta hofu bila kubadilisha uamuzi wowote wa tiba. Dada wa mapokezi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akiuza anachouzia watu wazima.

Jambo ambalo maabara hii inalifanya vizuri kuliko nilivyotarajia ni uchukuaji wa damu na kiasi kinachohitajika. Pale mapokezi, fomu yao iliagiza chupa ya mililita 4. Fundi wa maabara, kijana mmoja mtulivu aliyekuwa akipita na trei, alisikia neno njiti, akasimama, akasema kwamba mililita moja inatosha kabisa na ikipungua kidogo pia wataweza, akanipa vichupa viwili vidogo vya watoto vya kwenda navyo wodini kwa safari zijazo. Nilipofika nyumbani nilikaa nikapiga hesabu. Mtoto njiti ana takriban mililita 90 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo binti yetu wakati ule alikuwa na kama mililita 105 mwilini mwote, yaani theluthi tu ya chupa ya soda. Mililita 4 kwake ni sawasawa na kumtoa mtu mzima mililita 200 kwa kipimo kimoja, na yeye alikuwa akichomwa karibu kila siku kwa sababu ya sukari, umanjano na maambukizi. Watoto wengi wa namna hii huishia kuongezewa damu, na sehemu ya damu wanayoongezewa ni ile ile tuliyowatoa kwa vipimo. Kwa hiyo fundi yule, kwa vichupa vyake viwili, alitufanyia jambo kubwa kuliko kiyoyozi na viti vya ngozi vilivyopo ukumbini.

Majibu ya kwanza yalitoka kesho yake saa nne asubuhi kama walivyoahidi. TSH ilikuwa 2.1, na mbele yake hapakuwa na alama. T4 huru ilikuwa 9.2, na mbele yake ilikuwapo herufi L iliyokolezwa, maana yake iko chini. Safu ya viwango vya kawaida ilionyesha 12 hadi 22. Nilimwuliza dada wa mapokezi kama hali ni mbaya, akaangalia kwa muda kisha akasema, "TSH yake ni nzuri baba, usiwe na wasiwasi, hiyo ndiyo kubwa." Nilirudi wodini nimefarijika, nikamwambia mke wangu kwamba suala la thairoidi limekwisha.

Daktari alipoiona karatasi hakufurahi wala hakusikitika. Alitoa kalamu, akaandika juu yake "siku ya 5, wiki 29", kisha akakata kwa mstari mmoja safu nzima ya viwango vya kawaida, kwa kuwa vilikuwa vya watu wazima. Ndipo aliponieleza yale ambayo karatasi ya maabara ingepaswa angalau kuyadokeza. Mtoto anayezaliwa kwa wakati wake hupatwa na mshtuko wa baridi na mabadiliko ya kuzaliwa, na ndani ya nusu saa TSH yake hupanda hadi 60 au 80, ikashuka kufikia kama 20 baada ya saa 24 na chini ya 10 ifikapo mwisho wa wiki ya kwanza. T4 nayo hupanda kwa kufuata amri hiyo. Njiti hupandisha kidogo tu. Tezi yake bado changa, sehemu ya ubongo inayoiamuru bado changa, akiba yake ya madini joto, yaani iodini, ni ndogo, na kondo la nyuma lililokuwa likimletea homoni ya mama yake limekatwa miezi miwili na nusu kabla ya siku yake. Kwa hiyo, badala ya kupanda, T4 ya njiti mdogo mara nyingi hushuka katika wiki ya kwanza, ikafika chini kabisa kama siku ya 7, kisha ikapanda yenyewe taratibu katika majuma yanayofuata, huku TSH ikionekana ya kawaida wakati wote huo. Hali hiyo peke yake kwa kawaida haitibiwi. Watafiti wa Uholanzi walishawahi kuwapa watoto 200 waliozaliwa kabla ya wiki ya 30 wengine homoni na wengine dawa tupu isiyo na kitu ndani, kwa kupigiwa kura, wakachapisha matokeo mwaka 1997, na walipopima ukuaji wa akili wa watoto hao baada ya miaka miwili hawakuona faida kwa kundi zima. Waliozaliwa mapema mno walielekea kunufaika, ilhali wale wa wiki za mbele kidogo walielekea kuwa na alama za chini kuliko wenzao wasiopewa.

"Kwa hiyo ni mzima?" niliuliza.

"Sijasema hivyo, Baba Shani. Kwa mtoto mkubwa, tezi ikiwa mbovu, ubongo hupiga hodi kwa nguvu, ndiyo hiyo TSH ya juu, na sisi tulio nje tunaisikia. Kwa njiti, mpiga hodi mwenyewe bado amelala. Kimya chake hakinipi uhakika wowote. Tutapima tena akifikisha majuma mawili, na tena akifikisha mwezi."

Maneno hayo ndiyo kipimo ninachotumia kuitathmini maabara hii, na nadhani ndiyo kipimo ambacho mzazi yeyote wa njiti anapaswa kukitumia kwa maabara yoyote. Katika nchi nyingi zilizoendelea, kila mtoto mchanga hutobolewa kisigino na matone ya damu yake hukaushwa kwenye kadi maalumu ya karatasi, utaratibu ulioanzishwa kwa ajili ya thairoidi na Jean Dussault huko Quebec, Kanada, katika miaka ya 1970, na ambao umewaokoa na ulemavu wa akili watoto wasiohesabika, maana tatizo la kuzaliwa na tezi isiyofanya kazi humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 3,000. Hata huko, mwongozo kwa njiti ni kurudia, kwa kuwa kipimo kimoja cha siku za mwanzo huwakosa wale ambao TSH yao hupanda kwa kuchelewa. Hapa kwetu upimaji huu haujawa desturi kwa kila mtoto anayezaliwa, kwa hiyo kurudia kunabaki mikononi mwa daktari anayekumbuka na mzazi mwenye nauli.

Safari ya pili niliifanya siku ya 16, na ilikuwa katikati ya masika. Jangwani palijaa maji, mabasi ya mwendokasi yalisimama, nami nikakaa nyuma ya bodaboda nikiwa nimekumbatia kikasha cha baridi ndani ya koti la mvua kana kwamba nimebeba dhahabu, tukizunguka njia ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Nilichelewa kwa saa mbili na dakika kumi. Nilitarajia kuambiwa sampuli imeharibika na nirudi kumchoma mtoto upya, lakini fundi yule yule aliipokea, akaiangalia kwenye mwanga kama imevunjika chembe, akaiweka kwenye mashine ya kuzungusha papo hapo kabla hata sijalipa, kisha akanituma kaunta. Katika huduma za jiji hili, mtu anayeanza na kazi kabla ya risiti ni wa kushukuriwa kwa maandishi.

Majibu: TSH 7.9, yenye herufi H, yaani iko juu. T4 huru 10.6, yenye herufi L. Karatasi ilikuwa na alama mbili zilizokolezwa badala ya moja, na shemeji yangu aliyeisoma kwa simu kutoka Tanga alituambia tutafute pesa za kumpeleka mtoto India. Daktari aliisoma akasema T4 imeanza kupanda, TSH imeamka, kwa umri huu hatuanzi dawa, turudi baada ya siku kumi na tano au kumi na sita. Aliuliza swali moja ambalo sikulitarajia: kitovu cha mtoto kilisafishwa kwa dawa gani? Iodini ya kahawia inayopakwa ngozini kabla ya kuchoma au kuweka mirija hupenya kwa urahisi katika ngozi nyembamba ya njiti, na ikizidi huifanya tezi isimame kwa muda, kwa hiyo madini joto yale yale ambayo yakipungua huleta tatizo, yakizidi pia huleta tatizo. Sista aliangalia faili, akasema walitumia spiriti. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Hapa nataka kueleza jambo moja linalowahusu wazazi zaidi kuliko maabara, kwa kuwa bila hilo thamani ya huduma hii haionekani. Dalili za mtoto mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi ni kulala sana, kunyonya kwa uvivu, kupoa mwili, kupata choo kwa shida, umanjano usioisha na sauti nzito ya kulia. Njiti yeyote wa wiki ya 29 hulala sana, hulishwa kwa mpira kwa sababu hajui kunyonya, hupoa mwili ukimfunua dakika mbili, na huwa wa manjano. Mtazamaji hana pa kushika. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akija kila alasiri na uji wa lishe kwenye chupa ya chai, alikuwa akimsifia mjukuu wake kwa majirani: mtoto mpole, halii hovyo, kamfuata babu yake. Kwetu sifa ya mtoto mchanga ni upole, nami niliifurahia sifa hiyo kama baba mwingine yeyote.

Siku ya 32 nilipeleka damu asubuhi. Saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo hiyo, nikiwa kwenye foleni ya kupandia daladala, simu ililia. Alikuwa fundi wa maabara. Alijitambulisha, akaniuliza kama niko na daktari, nikasema hapana, akasema, "Basi mtafute leo, usisubiri kesho saa nne. Karatasi nimekwisha kuituma kwenye simu yako." TSH ilikuwa 31. T4 huru ilikuwa 7.4. Daktari alijibu ujumbe wangu baada ya dakika chache: TSH ikivuka 20 katika umri huo, dawa inaanza bila kungoja, kwa kuwa kila juma linalopotea katika miezi ya mwanzo hulipwa na ubongo wa mtoto.

Jioni ile nilizipanga karatasi zote tatu mezani. Karatasi ya siku ya 5, ambayo haikuhitaji tiba, ilikuwa na alama nyeusi. Ya siku ya 16, iliyohitaji subira, ilikuwa na alama nyeusi. Ya siku ya 32, iliyohitaji dawa usiku huo huo, ilikuwa na alama nyeusi zile zile, ukubwa ule ule, zikilinganishwa na viwango vile vile vya mtu mwenye miaka thelathini na tano. Mashine ililia kwa sauti moja mara tatu. Aliyetofautisha kilio cha tatu na viwili vya kwanza ni binadamu aliyekumbuka kwamba namba ile ni ya mtoto mwenye mwezi mmoja, na aliyekumbuka kwa sababu alikuwa ameshika kichupa chake kwa mkono wake, si kwa sababu ya chochote kilichoandikwa kwenye mfumo wa maabara. Angekuwa likizo siku ile, ningeyapata majibu yangu kesho saa nne, na dada wa mapokezi angenifariji kwa namna fulani.

Dawa yenyewe, levothairoksini, ni rahisi kwa bei na ngumu kwa matumizi. Tuliandikiwa mikrogramu 25 kwa siku, ambazo kwa gramu zake 1,680 za wakati ule zilikuwa karibu mikrogramu 15 kwa kilo, juu kabisa ya kiwango cha 10 hadi 15 kinachotumika kwa watoto wachanga. Maduka matatu ya dawa niliyopita yalikuwa na tembe za 50 na 100 tu. Kwa hiyo kila alfajiri mke wangu huikata tembe ya 50 katikati kwa wembe juu ya kisahani cheupe, huisaga nusu moja kati ya vijiko viwili hadi iwe unga, huichanganya na maziwa yake machache aliyokamua, kisha humpa mtoto kwa kijiko kabla ya kunyonya. Nusu ya pili hurudi kwenye pakiti kwa ajili ya kesho yake. Matone ya madini chuma, ambayo karibu kila njiti huandikiwa, tunampa jioni, kwa kuwa yakikutana na dawa hii tumboni huizuia kufyonzwa. Jambo hili hatukuambiwa na duka la dawa wala na maabara. Tuliambiwa na daktari, na kwa bahati tulikuwa tumeuliza.

Kuanzia hapo tulianza kumpeleka Shani mwenyewe, kwanza baada ya majuma mawili na kisha takriban kila mwezi na nusu. Ukumbi wa kusubiria una kiyoyozi kilichoelekezwa moja kwa moja kwenye benchi la kina mama wenye watoto, kikiwa kwenye nyuzi 18. Mara ya kwanza mke wangu alimfunika mtoto khanga mbili na koti langu, na bado miguu yake ilikuwa ya baridi alipofika chumba cha kuchomea, jambo lililofanya mshipa usionekane na sindano irudiwe. Tuliomba kizimwe. Mlinzi ndiye aliyekizima, akipanda juu ya kiti, kwa sababu rimoti ilikuwa haionekani. Lifti imekuwa mbovu katika safari tatu kati ya tano, na kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji ngazi za ghorofa mbili si jambo dogo. Usafi ni mzuri, risiti hutolewa bila kuombwa, na bima yetu waliikataa kwa kipimo cha T4 huru wakaikubali kwa TSH, kwa maelezo ambayo sikuyaelewa wala hawakuyaelewa wao wenyewe. Kwenye uchomaji wenyewe sina lalamiko: hutumia sindano nyembamba, hupasha mkono wa mtoto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, hawajaribu zaidi ya mara mbili bila kumwita mwenzao, na humruhusu mama anyonyeshe huku damu inachukuliwa.

Nikiulizwa niwape alama ngapi, nitagawa huduma yao vipande viwili, kwa kuwa wastani utadanganya. Kwa uchukuaji wa damu ya njiti, utunzaji wa sampuli na wepesi wa majibu, nawapa 9 kati ya 10, na ile moja imeondoka na kiyoyozi. Kwa karatasi ya majibu nawapa 2, na hizo mbili ni za vipimio, kwani walau huandika T4 kwa pikomoli kila mara bila kubadilisha, tofauti na maabara nyingine niliyoonyeshwa ambayo juma moja iliandika kwa pikomoli na juma lingine kwa nanogramu, mpaka baba mmoja wa Mbagala akadhani homoni ya mwanawe imeshuka mara kumi na tatu kwa siku saba. Mzazi mwenye daktari anayelijua jambo hili anaweza kuitumia maabara hii kwa moyo mkunjufu. Mzazi asiye na daktari wa namna hiyo, anayetegemea karatasi imweleze, asiitumie hii wala nyingine kabla ya kumpata, maana herufi zile H na L zitamtisha pasipo sababu au, lililo baya zaidi, ukosefu wake utamlaza usingizi siku ya 5.

Niliwaandikia barua ya ukurasa mmoja mwezi wa tatu wa matibabu. Sikulalamika, niliomba mambo matatu. Kwanza, fomu ya mapokezi iwe na nafasi ya kuandika umri kwa siku na wiki za ujauzito alizozaliwa nazo mtoto. Pili, viwango vya watu wazima visichapwe kwenye karatasi ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kama nafasi ile itabaki tupu. Tatu, simu ile niliyopigiwa jioni ya siku ya 32 iwe utaratibu wa maabara na si hisani ya mtu mmoja. Meneja alinipigia, akanisikiliza kwa heshima, akaniambia kwamba mfumo wao wa kompyuta umenunuliwa nje na mabadiliko huombwa kwa mtengenezaji, jambo ambalo mimi kama mtu wa forodha nalielewa vizuri kuliko alivyodhani.

Shani sasa ana miezi minane kwa kuhesabu tangu azaliwe, mitano na nusu kwa kuhesabu tangu tarehe aliyotarajiwa. TSH yake ya mwisho ilikuwa 2.8 na T4 huru 17. Bado hatujui kama tezi yake ni mbovu kweli au ilikuwa imechelewa tu; daktari anasema wengi wa njiti waliochelewa hivi huja kuachishwa dawa, na kwamba kulithibitisha hilo kwa kawaida husubiriwa hadi miaka 3, ingawa kwa njiti anayehitaji dozi ndogo huweza kujaribiwa mapema zaidi. Anapiga kelele sana. Mama mkwe wangu ameacha kumfananisha na babu yake.

Tulikwenda mara ya nane Jumanne iliyopita. Lifti ilikuwa inafanya kazi. Dada wa mapokezi, yule yule, aliuliza bila kukumbushwa, "Alizaliwa wiki ya ngapi?", akaandika jibu kwa kalamu ya bluu pembeni mwa fomu, juu ya mstari wa mchapo ambao bado unasomeka "Umri: miaka 0".